Siku Tulipoona Vyombo vya Wapiga Mbizi

Sisi ni watu wa milimani. Ukitoka Morogoro mjini kwa njia ya Bigwa, ukapita Kiroka na Mkuyuni, ukafuata barabara iendayo Matombo na Kisaki, mkono wako wa kulia utaiona milima ya Uluguru imesimama mfululizo. Kilele chake kirefu, Kimhandu, chapita mita 2,600 juu ya bahari. Katika mabonde ya upande huo ndipo tunapofundisha. Watu wetu hulima migomba, mananasi, pilipili manga, mdalasini na karafuu, nao wajua kupanda mlima na mzigo kichwani bila kupumzika. Lakini maji marefu hatuyajui. Mito yetu ni myembamba, yenye mawe mengi, na wakati wa kiangazi mtoto huivuka bila kulowesha goti. Kwa hiyo hatukupata kuwaza ya kuwa kuogelea ni elimu impasayo mtu wa kwetu. Tuliona ni kazi ya watu wa pwani, kama kuunda ngalawa na kutega madema.

Habari tunayotaka kuwasimulia ni ya maonyesho ya wakulima ya mwezi wa Agosti 2023, ambako tuliona vyombo vya kupigia mbizi kwa mara ya kwanza. Walakini hapana budi kwanza tuseme jambo lililotangulia, maana pasipo jambo hilo tungalivitazama vyombo vile kama watu watazamavyo mazingaombwe, kisha tungalikwenda zetu.

Mwezi wa Aprili 2021, masika ilipokuwa imeshika, mtoto mmoja wa darasa la 6 katika shule yetu alitoka darasani mchana aende kwao, ng'ambo ya kijito. Kijito hicho huingia katika mto Ruvu. Siku hiyo kilikuwa kimejaa. Wenzake walivuka mbele yake wameshikana mikono. Yeye alirudi nyuma kuokota kiatu kilichomtoka, akateleza, akaingia katika kidimbwi kilicho chini ya mawe, mahali ambapo wakati wa kiangazi wanawake hufulia nguo. Wenzake walituambia ya kuwa hakupiga kelele. Walimwona akiinua kichwa mara mbili tatu, wakadhani anacheza.

Tulifika pale walimu wanne, pamoja na wanaume wa kijiji wapatao thelathini. Twasema kweli: katika watu wote hao hakutokea hata mmoja aliyethubutu kuingia. Tulisimama ukingoni na miti mirefu mikononi, tukichokoa maji yasiyoonyesha kitu. Wazee wengine walisema kidimbwi kile kina wenyewe, hakiingiwi ovyo. Hatuwalaumu, kwa maana sisi tuliosoma, tusioyaamini maneno hayo, nasi hatukuingia. Siku ya tatu maji yalipopungua, mtoto alionekana chini zaidi, amezuiwa na mizizi ya mti.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Baada ya mazishi mjomba wa mtoto yule alikuja shuleni. Hakuja kwa ugomvi. Alitusalimu, akakaa, akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Walimu, ninyi mnawafundisha watoto wetu mambo mengi. Hili la maji ni kazi ya nani?" Hatukuwa na jibu. Tulimpa pole tena, naye akaipokea, akainuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo swali lile lilikaa nasi kama mwiba uliokatikia mguuni.

Basi sasa tuingie katika safari yetu. Kila mwaka, tangu siku za kwanza za Agosti hata siku ya nane, wakulima na wafugaji hukusanyika kuonyesha mazao na vyombo vyao, nayo maonyesho hayo huitwa Nane Nane. Ya Kanda ya Mashariki hufanywa Morogoro, katika viwanja vya Tungi vilivyoitwa kwa jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Watu wa Morogoro hukutana hapo na watu wa Pwani, Tanga na Dar es Salaam. Ndiyo sababu mtu aweza kuona chini ya milima yetu vitu vilivyotoka baharini.

Tulikwenda walimu watatu: sisi tunaoandika habari hizi, kijana mmoja afundishaye hesabu, na mama mtu mzima aliyefundisha miaka mingi kuliko sisi sote wawili. Tulichukua wanafunzi ishirini. Tuliondoka gizani, tukafika Tungi jua likiwa limepanda. Watoto waliona ng'ombe wa maziwa wenye viwele vikubwa kama vikapu, mashine za kukoboa mpunga, mizinga ya nyuki, na mabwawa ya turubai yenye perege na kambale. Waliandika kila kitu katika madaftari yao, maana tuliwaahidi mtihani.

Saa sita mchana tukaingia katika banda moja la watu wa pwani. Mbele palikuwa na mwani uliokaushwa, sabuni za mwani, chumvi na dagaa. Nyuma, penye kivuli, pamekaa mtu mmoja wa makamo, ndevu zake zimeanza mvi, na mbele yake meza yenye vitu tusivyovijua. Mtoto mmoja alipoona mtungi wa chuma wenye mikanda ya kuvaa mgongoni, akasema kwa sauti, "Bomba la kupulizia dawa!" Wenzake wakakubali, kwa kuwa asubuhi ile walikuwa wameona mabomba ya dawa katika mabanda zaidi ya kumi.

Mtu yule akacheka, akasema, "Karibuni, walimu. Karibuni, wanangu. Hili halipulizi dawa. Hili linampa mtu pumzi chini ya maji."

Watoto wakamwamkia, akaitikia, akatuuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Uluguru, upande wa Matombo, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa. Akasema, "Basi sisi ni watu wa maji mamoja. Mimi nimepiga mbizi Bagamoyo. Mvua ikinyesha kwenu, Ruvu hutuletea udongo wenu, na bahari ya karibu na mlango wa mto hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Siku hizo hatuzamii, maana mtu haoni hata mkono wake." Sisi tulikuwa tumefundisha miaka mingi ya kuwa Ruvu hutoka Uluguru na kuingia Bahari ya Hindi, na ya kuwa watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake yatekwayo Ruvu Juu na Ruvu Chini. Lakini hatukupata kukutana na mtu aliyekaa mwisho wa mto ule akingoja udongo wetu utue chini.

Kisha akatuonyesha vyombo vyake kimoja kimoja. Kwanza miwani ya maji, ifunikayo macho na pua pamoja, kwa sababu jicho la mwanadamu halioni sawasawa likiguswa na maji. Alisema mtu akivaa miwani hiyo, kila kitu chini huonekana kikubwa na karibu kuliko kilivyo, hata mgeni hunyoosha mkono kushika samaki asimfikie. Pili mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Tatu mkanda wenye vipande vya risasi, wa kumsaidia mtu azame, na koti litiwalo hewa kumsaidia aelee. Watoto walistaajabu kusikia mtu avaa cha kumzamisha na cha kumwelesha kwa wakati mmoja. Akawaambia, "Mzamiaji hataki kuzama wala kuelea. Ataka kukaa pale apendapo."

Nne ni mtungi wenyewe na kipumulio chake. Watu wengi hudhani mtungi una oksijeni tupu. Sivyo, mtungi wa kawaida hutiwa hewa hii hii tuivutayo, iliyoshindiliwa kwa nguvu. Mtungi wake ulikuwa wa lita 12, ukishindiliwa mara 200. Kipumulio ndicho chenye hekima: humpa mtu hewa pale tu anapovuta, kwa nguvu ile ile ya maji yanayombana. Kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943, wakati wa vita, na watu wawili, Jacques Cousteau aliyekuwa mwanamaji, na Émile Gagnan aliyekuwa mhandisi. Gagnan alikuwa na kilango alichokitengeneza kwa magari, ambayo kwa uhaba wa petroli yaliendeshwa kwa gesi. Kilango hicho ndicho walichokigeuza kikawa pumzi ya mzamiaji.

Mwalimu wa hesabu hakuweza kujizuia. Akawapa watoto swali papo hapo: ikiwa mtungi una lita 2,400 za hewa, na mtu avuta lita 20 kwa dakika, itamfaa muda gani? Wakajibu, dakika 120. Mzamiaji akasema, "Vema, hiyo ni juu ya maji. Lakini kila mita 10 mtu anazoshuka, uzito wa maji humwongezea mbano mmoja kama huu wa hewa tuliyo nayo hapa. Kwa mita 10 pumzi moja hula hewa ya pumzi mbili. Kwa mita 30, hewa ya pumzi nne." Watoto wakagawanya tena: dakika 60, kisha dakika 30. Msichana mmoja akauliza, "Na hewa ikiisha?" Akamjibu, "Mzamiaji mwema hangoji iishe. Hugeuka njiani ingali nyingi, wala haendi peke yake."

Akatuambia pia sheria mbili za kazi yake. Ya kwanza, mtu asizuie pumzi kamwe anapopanda, kwa kuwa hewa iliyojaa kifuani katika mita 10 hutanuka ikawa maradufu ifikapo juu, na mapafu yaweza kupasuka. Ya pili, mtu apande polepole. Chini ya maji hewa huingia katika damu, na mtu akipanda kwa haraka hutoka kwa mapovu, kama soda ifunguliwapo, na mapovu hayo humlemaza au kumwua. Kwa hiyo wazamiaji husimama dakika chache katika mita 5 kabla ya kutoka, ijapokuwa wanaiona mashua juu ya vichwa vyao. Mama mwalimu akasema, "Kumbe kurudi ndiyo kazi kubwa kuliko kwenda." Akamjibu, "Ndivyo, mama."

Kando ya meza palikuwa na pipa la maji. Mtu yule akasema, atakaye na ajaribu: avae miwani, ashike kipumulio kwa meno, ainamishe kichwa majini, avute pumzi. Watoto wakatutazama sisi. Zamu ya kwanza ikatuangukia.

Hatuoni haya kusema ya kuwa tuliogopa. Pipa lilikuwa la kufika kiunoni, nasi tumesimama juu ya nchi kavu, katikati ya soko, muziki ukilia mabanda ya pili; hata hivyo magoti yalilegea. Tulipotia uso majini, kifua kilikataa. Kilijifunga chenyewe, kama mlango. Tulijua kwa akili ya kuwa hewa ipo, lakini mwili haukusadiki. Mzamiaji akatuwekea mkono begani, akasema karibu na sikio, "Taratibu, mwalimu. Vuta." Tukavuta. Hewa ikaja, kavu na ya baridi, na sauti yake ilikuwa kubwa masikioni. Tukatoa, mapovu yakatupita mashavuni. Tukavuta tena. Muziki wa mabandani ulikuwa umekwenda mbali. Tuliona sakafu ya pipa, na kutu yake, na jani moja la mwembe.

Ndipo tulipomkumbuka mtoto wetu. Tulijua sasa, kwa kipimo kidogo sana, kifua kinavyofunga. Tulikaa mle kuliko ilivyopasa, na tulipoinuka, watoto walicheka kwa kuwa uso wote ulikuwa unatiririka maji, wala hawakujua ya kuwa si yote yaliyotoka pipani.

Wenzetu walipokwisha kujaribu, tukawatuma watoto na mwalimu wa hesabu wakatazame samaki. Sisi na mama mwalimu tukabaki. Tukamsimulia mzamiaji habari ya kidimbwi, tukamwuliza lile tulilotaka kuuliza: "Bwana, kama siku ile tungalikuwa na vyombo hivi, mtoto yule angalipona?"

Hakujibu upesi. Akafuta miwani yake kwa kitambaa. Kisha akasema, "Hapana, mwalimu. Sitaki kukudanganya. Mtu aliyezama chini akakosa pumzi, baada ya dakika nne au tano ubongo huanza kufa. Kabla sijafunga mkanda wa kwanza amekwisha kwenda. Mara nyingi sisi huitwa kuwatoa waliokufa, ili jamaa zao wazike."

Akatukumbusha mambo ya Ziwa Viktoria. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wengi walikuwa hai bado ndani yake, katika hewa iliyozuiliwa na bati. Watu walitoboa tumbo la meli wapate kuwatoa, lakini hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Walikufa watu zaidi ya 800. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Lakini siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walisikia mgongano ndani ya kivuko, wakamtoa fundi mmoja wa mitambo akiwa hai, aliyekuwa amejificha penye hewa. "Huyo mmoja," akasema, "ndiye kila mzamiaji wa nchi hii anayemkumbuka anapochoka."

Tena akasema, "Na ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, akina nani waliofika kwanza? Wavuvi, kwa mitumbwi yao. Watu 24 walipona. Aokoaye ni yule aliye karibu. Ninyi mlikuwa karibu, walimu. Hamkukosa mtungi. Mlikosa kamba, na mlikosa kujua."

Maneno hayo yalituchoma, lakini yalikuwa ya kweli, wala hakuyasema kwa ukali. Kisha akatufundisha, naye alituomba tuyaandike. Tunayaandika tena hapa kwa faida ya kila msomaji akaaye karibu na mto, bwawa au kisima.

Kwanza: afaye maji mara nyingi hapigi kelele, kwa kuwa hana pumzi ya kupigia. Kichwa chake hulala nyuma, mdomo huingia na kutoka majini, na mikono hupiga maji chini kama apandaye ngazi. Mtoto anyamazaye majini aulizwe. Asipojibu, ni hatari. Pili: asiyejua kuogelea asimfuate majini. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, nao walijua. Atakushika shingo mwende wote wawili. Mpe mti, mpe kanga iliyokunjwa, au mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo na kamba. Dumu hilo huweza kumwelesha mtu mzima. Tatu: akitolewa hana pumzi, apuliziwe pumzi kinywani mara hiyo, na kifua kikandamizwe, wala asitundikwe miguu juu kumwaga maji, maana huko ni kupoteza wakati. Nne: watoto wafundishwe kuelea kabla ya kufundishwa kuogelea. Ajuaye kulala chali majini na kupumua taratibu amekwisha kupata nusu ya uhai wake.

Tukamwuliza bei ya vyombo vyake. Alipoitaja, tuliona ni mishahara ya miezi mingi. Akacheka, akasema, "Hivi si vya shule. Nimekuja navyo watoto wavione, kwa sababu mtoto akivutwa na mtungi atasikiliza habari ya dumu."

Njiani kurudi, katika gari, palizuka hoja kati yetu. Sisi na mwalimu wa hesabu tulitaka watoto wafundishwe kuelea mara kiangazi hicho hicho. Mama mwalimu alikataa. Alisema, "Leo mwawaogopesha watoto na mto, nao hawaendi. Kesho mtawaambia wajua, nao watakwenda masika. Na akifa mmoja, mjomba wake hatakuja kuuliza swali. Atakuja na panga." Hatukuona njia ya kumjibu, kwa kuwa hoja yake haikuwa ya ujinga. Woga nao umewalinda watoto wengi. Tulipanda mlima kimya, watoto wamelala, madaftari yao magotini.

Ikawa tumeafikiana jambo moja: tusiamue sisi peke yetu. Tukaitisha mkutano wa wazazi. Wengi walisema kama alivyosema mama mwalimu. Wengine walikataa kwa ajili ya wasichana, wakiuliza watavaa nini na nani atawashika mikono majini. Tukawaeleza ya kuwa katika miaka ya 2010 huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi uitwao Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili wote, na miongoni mwa walimu wao walikuwamo wanawake wa huko huko. Tukawaeleza pia ya kuwa Shirika la Afya Duniani lilikisia watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na robo hivi yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo msiba wetu si wa peke yetu. Watu walisikiliza kwa adabu, lakini hesabu za dunia hazimgeuzi mtu mawazo.

Ndipo alipoinuka yule mjomba. Alikuwa amekaa nyuma. Akasema, "Mimi niliuliza swali miaka miwili iliyopita. Leo nasikia walimu wamelileta jibu, nanyi mnalirudisha. Mtoto wangu hakufa kwa sababu alijua. Alikufa kwa sababu hakujua, na sisi wote tuliosimama pale hatukujua. Mimi nilikuwapo. Nilishika mti." Akakaa. Mkutano ulikaa kimya kitambo, kisha mwanamke mmoja akauliza kamba itanunuliwa na nani.

Basi yaliyofuata si makubwa, nasi hatutaki kuyapamba. Penye kivuko cha kijito imefungwa kamba nene, toka mti hata mti, na kila upande hutundikwa dumu tupu lenye kamba yake. Mara mbili madumu yameibwa, mara mbili yamerudishwa mapya na wazazi. Septemba na Oktoba 2023, kijito kilipokuwa kidogo, kijana mmoja mwenyeji wetu aliyelelewa pwani, aliyekuwa amerudi kwao, aliwafundisha watoto kuelea mahali pa kina cha kiuno, kila Jumamosi, mzazi mmoja wa kila mtoto akisimama ukingoni. Watoto kumi na mmoja waliweza kulala chali majini wakahesabu hata mia. Wasichana walikuwa wanne, wakishikwa mikono na mama mwalimu aliyekataa, amefunga kanga kifuani, maji kiunoni. Alisema haachi watoto wafundishwe vibaya.

Nasi tulijaribu. Tulikuwa tumepita miaka arobaini. Mwalimu wa hesabu aliweza siku ya tatu. Sisi hatukuweza hata kiangazi kilipokwisha. Kila tulipolaza kichwa, kifua kilifunga kama kilivyofunga pipani, miguu ikazama. Watoto walitutia moyo kwa maneno yale yale tuwaambiayo wao katika kusoma: "Jaribu tena, Mwalimu." Ni jambo jema kwa mwalimu kuwa mjinga mbele ya wanafunzi wake mara moja moja.

Wasomaji wengine watauliza, kwani haya yawahusu nini watu wa milimani? Yatupasa kukumbuka ya kuwa maji hayakai mahali pamoja, wala nchi haikai kama ilivyokuwa. Mwaka 2022 mkataba ulitiwa sahihi wa kujenga bwawa kubwa Kidunda, katika mto huo huo wa Ruvu, chini ya milima yetu, ili kuwawekea watu wa Dar es Salaam akiba ya maji. Bwawa la namna hiyo huleta samaki na mitumbwi, na pamoja nayo watoto waendao kutazama. Mji wa Morogoro wenyewe una bwawa la Mindu. Aliyezaliwa mlimani aweza kujikuta kesho ukingoni mwa maji marefu, bila kuhama.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mkiwapeleka watoto katika maonyesho, msiwahimize kupita upesi penye vitu visivyo vya mtaala. Tulikwenda Tungi kutafuta mbegu na mbolea, nazo tulizipata. Lakini hatukuwa na mtihani wa pumzi, nao ndio tuliopewa. Hatuna mtungi wala mapezi. Tuna kamba moja, madumu manne, na watoto kumi na mmoja. Kiangazi kijapo tutaingia tena majini, na sisi wenyewe tutalaza kichwa nyuma, tuone kama kifua kitakubali.